Kuongoza bila mshahara: wachonga mawe wa Tabaka wanatufundisha nini?

Wandugu, mtu akimaliza lisansi hapa Kisangani, kazi ya kwanza anayopata mara nyingi haina mshahara. Mtaa unakujua kama wewe ni mtu wa masomo. Wamama wa likelemba wanakuita ukuwe sekretere wao. Kisha walimaji wa upande wa Yangambi wanataka uandike barua kwa shirika fulani. Wanakuambia: "Weye ulisoma, utatusaidia." Mbele ya mwezi kuisha umekuwa prezida, bila kontra, bila franga, hata bila pesa ya toleka.

Andiko hili ni juu ya kazi ile: kuongoza asosiasio kwa kujitolea. Nitachukua mfano wa watu wanaochonga mawe, juu kwao kila kitu kinaonekana wazi. Jiwe ni zito, linavunjika, linatoka katika shamba la mtu, na mnunuzi wake yuko mbali sana. Mahali kama hapo, kiongozi akikosa utaratibu, hasara inaonekana mbio.

Kisangani si mji wa jiwe. Msitu uko karibu, na kwetu mtu anashika mti mbele ya kushika jiwe. Lakini inchi yetu inajua jiwe. Kule Kongo-Central, wazee wa zamani walichonga mintadi, sanamu za jiwe laini zilizowekwa juu ya makaburi ya wakubwa. Kule Lubumbashi na Kolwezi, mafundi wanachonga malakiti, lile jiwe la kijani linalotoka pamoja na shaba. Ila ukitaka kuona kijiji kizima kinachoishi kwa jiwe, na mafundi waliojipanga katika vikundi, vuka upande wa mashariki mpaka Kenya, katika kaunti ya Kisii, mahali panaitwa Tabaka.

Tabaka ni nini

Ardhi ya Tabaka inaficha jiwe laini ambalo Waswahili wanaliita jiwe la sabuni, juu ukiligusa linateleza kama sabuni. Kuko leupe, la rangi ya waridi, la kijivu, la manjano. Ni laini sana, kisu na panga vinatosha kulikata. Kwa hiyo fundi hahitaji mashini ya bei kali ili aanze kazi, na kijana anaweza kujifunza nyumbani kwa baba yake. Mchongaji Elkana Ong'esa alitoka huko huko Tabaka, na kazi yake iko mpaka Paris, kwenye makao makuu ya UNESCO.

Lakini usifikiri sanamu moja ni kazi ya mtu mmoja. Kuko wale wanaochimba, wanaoshuka ndani ya shimo na sururu na mitalimbo. Kuko wachongaji, ambao wengi ni wanaume. Halafu kuko wale wanaosugua na msasa ndani ya maji mpaka jiwe ling'ae, na hapo utakuta wamama wengi. Wengine wanapaka rangi na nta, wengine wanafunga ndani ya kartoni. Mwishoni kuko yule anayeuza Nairobi, Mombasa ao Ulaya. Mnyororo ni mrefu, na yule aliye mwisho, karibu na mnunuzi, njo anajua bei ya kweli. Yule aliye ndani ya shimo hajui.

Hapo njo asosiasio inapata maana yake. Fundi peke yake hawezi kukubali komande ya vipande mia tano, na mnunuzi wa mbali hawezi kuzungumza na mafundi mia mmoja mmoja. Tabaka kumekuwa vikundi na koperative za namna hii, na vingine, kama Smolart, viliingia katika biashara ya haki. Biashara ile ina sheria moja nzuri: kwa kazi za mikono, fundi akiomba, mnunuzi anapashwa kulipa mbele asilimia 50 ya komande, bila faida juu yake. Pesa ile inanunua jiwe na msasa, na inalisha nyumba wakati kazi inaendelea. Sasa angalia vizuri: ile nusu haifikii mikono ya fundi kwanza. Inafikia kese ya kikundi. Ni nani anashika ufunguo wa kese?

Njia mbili za kuongoza

Kule Zimbabwe kuko mfano mwingine, Tengenenge. Mwaka 1965 serikali ya wazungu ya Rhodesia ilijitangazia uhuru, inchi ikawekewa vikwazo, tumbaku ikakosa soko. Mlimaji mmoja wa tumbaku, Tom Blomefield, alikuwa na jiwe gumu la serpentini juu ya ardhi yake. Mwaka 1966 alianza kuwapa watu nafasi ya kuchonga pale pale shambani, na pakawa kijiji cha wachongaji kinachojulikana duniani. Sisi wa agronomia tunaweza kutabasamu: zao limekufa, jiwe likalimwa.

Lakini tuone tofauti. Tengenenge ilisimama juu ya mtu mmoja mwenye shamba. Mtu kama huyo haitaji kuchaguliwa. Asosiasio ya mafundi ni kitu kingine kabisa. Hakuna mwenye shamba, kuko mafundi tu, na kiongozi ni mmoja wao ao kijana wa masomo waliyemwita. Nguvu yake yote inatoka kwa kuaminiwa. Ikipotea, hana ardhi ya kumsimamisha.

Sheria yetu inasema nini

Wengi wetu tunaandika statu bila kujua tunaingia katika mlango gani. Kongo kuko milango miwili mikubwa.

Mlango wa kwanza ni ASBL, asosiasio isiyotafuta faida, kufuatana na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Sheria ile inasema wazi kama ASBL haifanyi biashara, isipokuwa kwa kipande kidogo cha pembeni, na haitafuti kutajirisha wanamemba wake. Ni mzuri kama kikundi kinataka kufundisha vijana kuchonga, kutunza mila, kupanga maonyesho. Lakini kama kazi ya kila siku ni kuuza sanamu na kugawanya pesa, mumevaa nguo isiyo yenu.

Mlango wa pili ni koperative. Tangu Kongo iingie katika OHADA mwaka 2012, koperative zinafuata sheria ya pamoja ya tarehe 15 Desemba 2010. Koperative ndogo inaweza kuanza na watu 5 tu. Kila mwanamemba ana sauti moja, hata kama aliweka pesa nyingi kupita wengine. Komite yake ya usimamizi kwa kawaida haipiti watu 3. Na hapa vijana musikilize vizuri: sheria inasema kazi ya komite ile hailipwi, lakini gharama ambazo mtu ametoa kwa ajili ya kazi anarudishiwa, kadiri statu ao mkutano mkubwa ulivyopanga.

Someni tena ile sentensi ya mwisho. Sheria haikusema kama mwenye kujitolea atatembea kwa miguu, atanunua unite za telefone na pesa ya mke wake, atalipa fotokopi na chakula cha watoto wake. Mshahara ni kitu kimoja, gharama ni kitu kingine. Tukivichanganya, njo mwanzo wa wizi.

Hesabu ya dola arobaini

Tuchukue mfano wa kufikiri tu. Kikundi kimepata komande ya vipande 400, kila kimoja dola 3. Jumla ni dola 1.200. Tunatoa dola 60 kwa vipande 20 vinavyoweza kuvunjika njiani. Tunatoa 80 kwa kartoni na kufunga. Tunatoa 120, ni kusema asilimia 10, kwa akiba ya kikundi. Tunatoa 40 kwa safari, telefone na karatasi za komite. Inabaki dola 900. Gawanya kwa vipande 400: ni dola 2 na senti 25 kwa kila kipande. Mkutano unaweza kukata hivi: senti 45 kwa mchimbaji, dola 1 na senti 10 kwa mchongaji, senti 70 kwa mama anayesugua.

Sasa tuseme komite imeona haya, ikafuta ile mistari ya dola 40 ili ionekane safi mbele ya watu: "Sisi ni wabenevole, hatukuli kitu." Je, prezida hatapanda toleka? Atapanda. Hatapiga simu? Atapiga. Pesa itatoka tu, lakini sasa itatoka gizani, na gizani hakuna anayejua kama ni 40 ao 140. Mama anayesugua ataona tu kama senti 70 imekuwa 50. Hatauliza, juu hana karatasi ya kushika. Atarudi nyumbani na kusema: wale wasomi wamekula. Na hata kama hamukula, hamuna namna ya kumwonyesha.

Kwa hiyo mstari wa dola 40 haumwaibishi benevole. Unamlinda.

Kazi ambayo kijana wa masomo anaweza kufanya kweli

Mtu wa masomo hamfundishi fundi kuchonga. Wala asikimbilie kuwa yeye njo anazungumza na mnunuzi peke yake. Hapo atakuwa muuzaji mwingine tu, anayejua bei wakati wengine hawajui. Kazi yake kubwa ni kufanya mambo yaonekane.

Kwanza, bei ya komande iandikwe kwenye ubao ambapo mchimbaji na mama wa msasa wanaona, katika luga wanayosoma. Kama kuko asiyesoma, isomwe kwa sauti mkutanoni.

Pili, pesa isishikwe na mkono mmoja. Kitabu kiwe kwa mmoja, ufunguo kwa mwingine, na kontrole kwa wa tatu asiye ndani ya komite. Likelemba za wamama zetu zinaelewa jambo hili zamani: pesa inahesabiwa mbele ya wote, inatoka mbele ya wote.

Tatu, mapafu. Vumbi la jiwe linaingia kifuani pole pole na halitoki. Kukata jiwe likiwa na maji, kusugua ndani ya maji, kufanya kazi nje ambapo upepo unapita, na maski kwa yule anayekata likiwa kavu: haya ni mambo ya bei ndogo. Lakini hakuna fundi mmoja mmoja atakayeyasimamia wakati komande inamkimbiza. Komite njo inapashwa kuyaandika ndani ya kanuni za kazi na kuyalipa kutoka akiba.

Ine, udongo. Jiwe linatoka chini ya shamba, na shimo likiachwa wazi linajaa maji, mbu wanazaa humo, mtoto ao mbuzi anaanguka. Mtu wa agronomia ana neno hapa. Mbele ya kuchimba, udongo mweusi wa juu utolewe na uwekwe pembeni peke yake, usichanganywe na mawe na kifusi. Kazi ikiisha, kifusi kinarudi chini, udongo ule unarudi juu, na mwenye shamba anaweza kulima tena. Makubaliano na mwenye shamba yaandikwe: anapata nini, kwa muda gani, na nani atafunika shimo. Jiwe haliotei tena kama muhogo. Likiisha, shamba njo linabaki.

Tano, mandati. Benevole asikae miaka kumi. Muda uandikwe, miaka miwili ao mitatu, na kila mwenye kazi afundishe mwingine kutoka ndani ya mafundi wenyewe. Binti wa mchongaji aliyemaliza sekondari anaweza kushika kitabu cha hesabu vizuri kupita sisi, na yeye hataondoka kesho akipata kazi Kinshasa.

Hili la mwisho ni kubwa kwa sisi vijana. Tuseme ukweli: tunajitolea wakati tunangoja. Tunangoja kazi, tunangoja stage, tunangoja konkure. Si dhambi. Lakini kama asosiasio inasimama juu ya kungoja kwako, siku yako ikifika itaanguka, na mafundi watarudi kwa yule yule muuzaji wa katikati, safari hii bila hata nguvu ya kubishana.

Wagenia pale kwenye maporomoko hawaachi mti mmoja ushike mtego. Wanafunga miti mingi pamoja ndani ya mawe, na mti mmoja ukioza unabadilishwa bila mtego wote kwenda na maji. Uongozi wa kujitolea ujengwe vile. Kama unashika kese ao kitabu cha kikundi chochote, cha wamama, cha walimaji, cha mafundi wa mbao, jiulize wiki hii: nikiondoka kesho asubuhi, ni nani ataweza kusoma kitabu hiki na kuendelea? Kama jina halikuji, kazi yako ya kwanza umeishaijua.