Kabla ya kuhariri picha, lisome jua la Kinoru

Anayejifunza kupiga picha mjini Meru ana mwalimu mkali asiyedai karo: jua. Mstari wa ikweta unapita kilomita chache tu kusini mwa mji, na hapa Kinoru jua la saa sita mchana haliachani sana na utosi mwaka mzima. Paji la uso, pua, ukingo wa kofia, kila kinachochomoza hutupa kivuli cheusi chini yake. Ndiyo maana picha nyingi za harusi zinazopigwa mchana zina watu wenye mashimo meusi mahali pa macho.

Wengi wanaoanza kazi hii wakiiona kasoro hiyo hukimbilia programu za kuhariri. Huongeza mwangaza, hukoleza rangi, hulainisha ngozi, na picha ikizidi kuharibika hulaumu simu au kamera ya bei nafuu. Kosa lilitendeka mapema zaidi, pale mpiga picha alipobonyeza kitufe kabla ya kutazama mwanga unatoka wapi.

Katika ikweta jua hupanda karibu wima, digrii 15 kila saa. Likichomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, kufikia saa mbili na nusu mwanga mwororo umeshatoweka. Hata Mlima Kenya una saa zake. Meru iko kaskazini-mashariki mwa mlima, kwa hiyo jua la asubuhi huangaza upande unaotutazama sisi. Ukichelewa kitandani, mawingu yatakuwa yamekutangulia. Na jioni jua huwa limehamia upande wa pili.

Lakini si kila kazi humngoja mpiga picha. Mnamo Juni 1, 2018, Uwanja wa Kinoru uliandaa sherehe za kitaifa za Madaraka. Katika hafla kama hiyo, mpiga picha wa gazeti hawezi kumwomba rais asogee kivulini. Hapo ndipo ujuzi wa kamera unapohitajika, na kanuni moja ya enzi za filamu bado inafaa. Jua likiwaka bila wingu, weka tundu la lenzi kwenye f/16, na kasi ya shata ilingane na ISO: kwa ISO 100, shata iwe 1/100 ya sekunde. Ukilipanua tundu hadi f/5.6, shata inapanda hadi 1/800. Ukiongeza ISO ifike 200, shata inakuwa 1/1600, kasi inayotosha kumnasa mshambuliaji akiwa hewani anapiga mpira wa kichwa. Anayeielewa hesabu hiyo anaweza kuizima ile sehemu ya kamera inayojiendesha yenyewe, na picha bado ikatoka sawa.

Ana sababu nzuri ya kuizima. Kipima mwanga kilicho ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Hukisia kwamba weusi na weupe wa kila kilicho mbele yake hukutana katikati, yaani kijivu cha wastani. Bi harusi aliyevaa gauni jeupe akijaa kwenye fremu, kamera hupunguza mwanga ili gauni liwe la kijivu, na uso wake hudidimia gizani. Bwana harusi mwenye suti nyeusi hutendewa kinyume: mwanga huongezwa, shati likaungua. Mpiga picha ndiye anayepaswa kuirekebisha kamera, aongeze mwanga kwa gauni na aupunguze kwa suti.

Ngozi zetu nazo hazikufikiriwa mwanzoni. Kwa miaka mingi maabara za Marekani zilisawazisha rangi za picha kwa kutumia kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kama kadi ya Shirley. Kwa mujibu wa waliofanya kazi katika kampuni ya filamu ya Kodak, waliolalamika kuhusu rangi za kahawia wakasikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Leo kamera zimeboreka, lakini programu nyingi za simu bado zina kitufe cha kupendezesha uso ambacho kazi yake kubwa ni kuufanya mweupe. Mama aliyelipia picha ya familia alitaka uso wake mwenyewe. Kumng'arisha bila idhini yake ni kumuuzia sura ya mtu mwingine.

Kuhariri kuna nafasi yake, na kuna utaratibu. Kwanza, piga kwa faili ghafi, linaloandikwa RAW kwenye menyu ya kamera. Faili la JPEG huhifadhi viwango 256 tu vya kila rangi. Faili ghafi la biti 14 huhifadhi 16,384. Tofauti hiyo ndiyo inayokuwezesha kufufua uso uliokuwa kivulini. Sehemu iliyoungua kabisa, hata hivyo, haina cha kufufuliwa: maji yakimwagika hayazoleki. Afadhali picha iwe na giza kidogo kuliko gauni lipoteze mikunjo yake yote.

Baada ya hapo, sawazisha weupe. Chukua mfano wa hema la buluu linalokodishwa kwa sherehe. Jua likipenya turubai, wageni wote hugeuka samawati, na kuongeza mwangaza huzidisha ubuluu tu. Tafuta kitu unachojua ni cheupe, kitambaa cha meza au sahani, uielekeze programu hapo. Kisha rekebisha mwanga, kisha vivuli, kisha ukate kingo. Rangi za kunogesha zije mwisho, tena kwa uchache. Snapseed haina malipo na inafanya kazi hizi zote kwenye simu. GIMP na darktable ni za bure kwa kompyuta. Picha asili usiifute kamwe.

Kumbuka pia sheria. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Omba ruhusa kabla ya kuweka kazi yako mtandaoni.

Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu, alianza utotoni na Box Brownie, kamera ya sanduku isiyo na mengi ya kurekebisha. Mwenye kamera ya aina hiyo hana budi kuchagua mwanga, maana hana kingine cha kuchagua. Basi wewe unayeweka akiba ununue lenzi ya pili, isubirishe kwanza. Mpige mtu yuleyule mahali palepale saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, uziweke picha hizo tatu pamoja kabla hujazihariri. Usipoona tofauti yake, lenzi mpya haitakusaidia.