Msimu Mzima: Utangulizi wa Uanagenzi katika Mashamba ya Mboga za Kilimo Hai

Swali la kwanza la taaluma hii ni jepesi kuuliza, na kulijibu kumewatoa wengi jasho: kijana aliyeinama juu ya tuta la sukuma wiki saa moja asubuhi, aking'oa magugu, ni mwanagenzi au ni kibarua? Ukimtazama kwa mbali hutajua. Jembe ni lilelile, jua ni lilelile, na mgongo unauma vilevile. Tofauti huonekana msimu ukiisha, katika kile anachoweza kukifanya bila kusimamiwa. Karibu, basi, katika uwanja ambamo kilimo, elimu na sheria ya kazi hukutana, na mara nyingi hugombana.

Kwa nini kilimo hai kidai walimu wa shambani? Katika kilimo kinachotegemea pembejeo za kiwandani, sehemu kubwa ya ujuzi imo ndani ya mfuko wa mbolea na chupa ya kiuatilifu. Kipimo kimeandikwa, asiyejua husoma lebo. Mkulima wa kilimo hai ana lebo chache za kusoma. Mdudu aitwaye kantangaze akishaingia kwenye nyanya, maamuzi makubwa yalikwisha kupita miezi kadhaa nyuma: kabla ya nyanya palipandwa nini, miche ilitoka kitalu gani, mabaki ya zao lililopita yaliondolewa au yaliachwa. Ujuzi wa namna hiyo ni wa kuliona jambo kabla halijatokea, na hupatikana kwa kukaa na aliyeuzoea.

Chukua mboji. Lundo hupangwa kwa tabaka: mabua na majani makavu, majani mabichi, samadi, udongo kidogo, maji, kisha huanza tena. Katikati huchomekwa kijiti kirefu, kimelala mshazari. Baada ya siku chache mkulima hukichomoa na kukishika kwa kiganja. Kikitoka cha moto na chenye unyevu, lundo linaoza vizuri. Kikitoka kikavu, kina ukungu mweupe, linadai maji. Kikitoka baridi, kuna kilichokosewa, na hapo ndipo mwanagenzi hutumwa kupindua lundo zima kwa uma. Vitabu vitakwambia kwamba joto la nyuzi 55 hadi 65 huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Ni kweli, lakini kiganja hakisomi namba. Kinafundishwa na malundo mengi, na mtu wa pembeni anayesema, "Bado, kirudishe."

Historia ya mafunzo haya ina njia za ajabu. Alan Chadwick, Mwingereza aliyewahi kuwa mwigizaji wa tamthilia za Shakespeare, alianzisha bustani katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, mwaka 1967, akawafundisha vijana kwa kuwafanyisha kazi. Mbinu zake ziliendelezwa na John Jeavons, na zikavuka bahari hadi Kitale, Kenya, ambako kituo cha Manor House kilianza mwaka 1984 kufundisha kuchimba mara mbili, yaani kulegeza udongo hadi sentimita 60 hivi. (Mwenye kiuno kibovu apumue kwanza.) Taasisi ya kilimo hai ya Kenya, KIOF, ilifuata mwaka 1986. Morogoro, Tanzania, shirika la kilimo hai la SAT limekuwapo tangu 2011, na kituo chake cha Vianzi hupokea wakulima na wanafunzi. Uingereza nako, mwaka 1971, katibu muhtasi wa London aitwaye Sue Coppard alianzisha WWOOF: watu wa mjini wakafanye kazi shambani kwa chakula na malazi. Mwanzoni ilikuwa ni kazi za wikendi tu.

Wikendi haimfundishi mtu kilimo, na hapa nina msimamo. Mchicha huvunwa wiki tatu au nne baada ya kusia. Kabichi huchukua miezi. Anayekaa wiki sita ataona mchicha ukirudiwa, na ataondoka bila kuona kabichi moja ikifunga. Mzunguko wa mazao, ambao ndio uti wa mgongo wa kilimo hai, hata msimu mmoja hautoshi kuuelewa, kwa kuwa kunde za vuli hujibu swali lililoulizwa na kabichi za masika.

Sisemi hivyo kumdharau kibarua. Shamba lisilotumia viuagugu lina palizi nyingi kuliko jirani yake, na wakati wa kupandikiza na kuvuna halina budi kuita watu na kuwalipa, kwa siku au kwa kipande. Hiyo ni kazi halali yenye ujira wake. Kinachonikera ni kibarua kubatizwa jina la mwanagenzi ili asilipwe, kisha akapewa palizi tangu mvua za kwanza hadi mavuno.

Kipimo changu ni daftari. Tangu 2007 Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, chenye alama ya Kilimohai, na vikundi vya wakulima huweza kukaguana wenyewe kwa wenyewe. Mkaguzi huuliza kilichowekwa kwenye kila tuta, kilitoka wapi, na lini. Mwanagenzi anayeandika majibu hayo kila siku, pamoja na mauzo na hasara, anafundishwa shamba. Asiyewahi kulishika daftari hilo anafanya kazi tu, hata akipewa cheti kizuri cha kutundika ukutani.

Utafiti wa mambo haya kwa Kiswahili bado ni mchanga, ingawa jarida la Mkulima Mbunifu ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa anayetaka kuingia shambani mwenyewe, nina ombi moja. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, isipokuwa yule anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Kabla hujashika jembe, yaombe maelezo hayo: saa za kazi, malipo au posho, chakula na malazi, na nani atakufundisha nini. Mwenye shamba akikataa kuyaandika, tafuta shamba lingine.