Soma Bandiko la Friji Kabla ya Kuuliza Bei

Mnunuzi wa friji akifika Kariakoo huuliza mambo mawili: bei gani, na lita ngapi. Muuzaji humjibu, kisha humwonyesha rangi na taa za ndani. Yanayoamua kama fedha yake imekwenda mahali pake yameandikwa kwenye bandiko dogo, ubavuni ndani karibu na droo ya mboga au nyuma karibu na kompresa, na ni wachache wanaoinama kulisoma.

Tafuta kwanza kWh kwa mwaka. kWh moja ndiyo yuniti ile ile ya Luku. Gawanya kwa 12: friji iliyoandikwa 216 itakula yuniti 18 kwa mwezi; ya zamani, ya milango miwili, yenye 600 itakula 50. Tofauti ni yuniti 32. Kwa mteja wa TANESCO wa daraja la T1, la matumizi ya kawaida, kwa shilingi 292 kila yuniti kabla ya kodi, hiyo ni takriban 112,000 kwa mwaka. Mtumba uliokuokolea laki mbili umeshazidai zote kabla ya miaka miwili kwisha. Kwa nyumba ya daraja la D1, la matumizi madogo, hali ni ngumu zaidi, maana yuniti 75 za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na zinazozidi hapo hutozwa 350. Friji ikishakula 50, taa, feni, pasi na televisheni vinagombea 25. Inaniuma kuona familia ikilaumu mita wakati mlaji yuko jikoni.

Kisha tazama herufi za hali ya hewa. SN na N ni kwa joto lisilozidi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Ukikuta SN-T, friji inafaa kote. Yenye N peke yake ukiiweka Dar es Salaam mwezi Februari, ndani ya jiko lisilo na dirisha, kompresa haipati kupumzika. Inachemka, na haidumu.

Gesi nayo imeandikwa. R600a na R134a zinajazwa tena, ila R600a inawaka moto, basi inataka fundi anayeijua. Ukisoma R12, iache hapo hapo: Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, iliiondoa, na nchi zinazoendelea zilipewa mwisho mwaka 2010.

Ukiwa na fedha ya ziada, itie kwenye kompresa ya inveta, ambayo hupunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka kwa kishindo. Lakini bodi yake huungua umeme ukiruka, kwa hiyo kifaa cha kuilinda kihesabu ndani ya bei. Bomba la maji mlangoni na kioo cha kugusa sishauri kuvilipia, havipoozi chochote. Familia ndogo inayonunua samaki kila siku itafaidika zaidi na friji ya mlango mmoja, ya T, isiyo na inveta, kuliko kubwa inayokaa nusu tupu.

Kwa mtumba, bana noti mlangoni kisha uivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka. Muulize muuzaji mpira wa modeli hiyo unapatikana duka gani. Akishindwa kukutajia, nenda kwenye friji nyingine, hata kama bei imepanda kidogo.