Kipimo Kikisema Hana Malaria

Mama akileta mtoto mwenye homa kwenye zahanati ya Muleba, mkoani Kagera, kwanza hutafutwa malaria, na ni haki, kwa jinsi ilivyoitesa wilaya hii. Tone la damu kidoleni, robo saa hivi, jibu lipo. Mtihani huanza jibu likiwa "hana". Mtoto bado anachemka, mama bado anangoja dawa.

Wapo wanaotoa dawa mseto ya malaria hivyo hivyo, au antibayotiki kwa kila kikohozi. Ni hatari: ugonjwa wenyewe unaachwa ukiendelea, na bakteria wanazizoea dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulichunguza watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara. Mmoja hivi kati ya kumi ndiye aliyekuwa na malaria. Zaidi ya nusu waliugua njia ya hewa, wengi kwa virusi. Malaria ya Kagera ni nzito kuliko ya Dar es Salaam, lakini hata jibu la "anayo" halimalizi kazi. Vipimo vingi vya haraka husaka protini ya vimelea ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa.

Basi mtoto apandishwe shati, ahesabiwe pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, nimonia inashukiwa. Saa ya mkononi inatosha. Kinachokosekana ni hiyo dakika, foleni ikiwa imefika uani, na kwangu hilo ni suala la idadi ya matabibu kabla ya kuwa suala la uzembe.

Tiba ya familia inafundisha pia kuuliza: nyumbani nani mwingine anaumwa? Machi 2023, virusi vya Marburg vilipothibitishwa Bukoba Vijijini, dalili za mwanzo zilikuwa homa, kutapika, kuharisha na uchovu, zilezile za kila siku. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, Muleba; kisha wakaugua ndugu zake na wahudumu wa afya. Kati ya wagonjwa 9, walifariki 6, mhudumu akiwa miongoni mwao. Hakuna kipimo cha malaria kinachoweza kuonyesha hilo. Anayeweza kulihisi mapema ni tabibu aliyeuliza habari za nyumbani, safari na misiba, akavaa glovu kabla ya kumgusa mgonjwa.