Usiku wa Roho: Yohane wa Msalaba na Swali la Uongozi wa Mungu Gizani (Sehemu ya Tatu)

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilishughulikia Zaburi za maombolezo, hasa Zaburi ya 88, ambayo tofauti na nyingi za aina yake haigeuki kuwa sifa mwishoni, ikaishia gizani ilikoanzia. Sehemu ya pili ilimfuata Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, aliyeisoma safari ya Musa kuwa ni mwendo unaoanzia kwenye mwanga wa kijiti kilichowaka moto, ukapitia katika wingu, na kufikia giza nene la Sinai ambamo, kwa mujibu wa Kutoka 20:21, Mungu mwenyewe alikuwamo. Swali lililobaki ni gumu kuliko yote mawili: ikiwa giza laweza kuwa mahali pa Mungu, mwamini aliyemo humo atajuaje kwamba anaongozwa, na kwamba hajapotea, hajaugua, wala hajaiacha njia kwa uzembe wake? Katika Ukristo wa Magharibi ni vigumu kumtaja aliyelichambua swali hilo kwa uangalifu kuliko Mhispania Yohane wa Msalaba, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1726 na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1926, cheo ambacho Kanisa Katoliki humpa mtakatifu ambaye mafundisho yake yanahesabiwa kuwa na faida kwa waamini wa nyakati zote.

Alizaliwa mwaka 1542 katika kijiji cha Fontiveros, karibu na mji wa Ávila, akiitwa Juan de Yepes. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, na mama yake, Catalina Álvarez, mfumaji maskini, akahangaika na watoto kutoka mji hadi mji kutafuta riziki hadi walipotulia Medina del Campo, ambako kijana huyo alihudumia wagonjwa hospitalini huku akisoma kwa Wajesuiti. Aliingia utawa wa Wakarmeli mwaka 1563, akasoma Salamanca, akapewa upadri mwaka 1567, na mwaka huohuo akakutana na Teresa wa Ávila, mtawa wa miaka 52 aliyekuwa ameanza kuyarudisha maisha ya Kikarmeli kwenye ufukara na ukimya wa mwanzo. Nyumba ya kwanza ya wanaume waliofuata urekebisho huo ilifunguliwa Duruelo mwezi Novemba 1568, na Yohane alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Wafuasi hao wakaitwa Wakarmeli Peku, kwa kuwa walivua viatu kuwa alama ya ufukara.

Urekebisho uliwagawa Wakarmeli. Mkutano mkuu wa shirika uliofanyika Piacenza, Italia, mwaka 1575 ulikata shauri kuuzuia usienee, mamlaka ya wakuu wa shirika ikagongana na ile ya mfalme wa Hispania, na usiku wa tarehe 2 Desemba 1577 Yohane alikamatwa mjini Ávila, alikokuwa muungamishi wa masista, akapelekwa kwenye nyumba ya shirika mjini Toledo. Huko alifungwa kwa takriban miezi tisa katika chumba chenye upana usiofika mita 2 na urefu wa kama mita 3, kilichopata mwanga kupitia mwanya mwembamba juu ukutani, hata ikambidi asimame juu ya benchi wakati wa mchana ili aweze kusoma sala zake za vipindi. Alichapwa viboko katika bwalo la chakula mbele ya watawa wenzake. Alitakiwa kuukana urekebisho, akakataa. Inafaa isisahaulike kwamba waliomfunga hawakuwa maadui wa imani: walikuwa mapadri wa shirika lake, waliosali Zaburi zilezile alizozisali yeye, na Teresa alipomwandikia Mfalme Felipe wa Pili kumwombea msaada, alisema ingekuwa heri mtu huyo awe mikononi mwa Wamori, ambao pengine wangemhurumia zaidi.

Ndani ya chumba hicho alitunga mashairi, kwanza kwa kuyashika kichwani, kisha kwa karatasi na wino alivyopewa na mlinzi mpya aliyemwonea huruma. Mwezi Agosti 1578 alilegeza kidogo kidogo skrubu za kufuli la mlango, akajiteremsha usiku kwa vipande vya mablanketi alivyoviunga, na akapata hifadhi kwa masista Peku wa mji huohuo. Wengi wanaosimulia habari hiyo hukaa sana kwenye mateso na kupita haraka kwenye skrubu, ilhali skrubu zina uzito wake katika mafundisho: mtu aliyeandika kuhusu kujiachilia mikononi mwa Mungu kuliko waandishi wengi wa zama zake hakuona kwamba kumtumaini Mungu kunamkataza mfungwa kulichunguza kufuli la mlango wake.

Muda mfupi baada ya kutoroka alitunga shairi la beti 8 kuhusu usiku, na katika miaka iliyofuata akaliandikia fafanuzi mbili, Kupanda Mlima Karmeli na Usiku wa Giza, ambazo zote mbili ziliachwa bila kukamilika. Katika ya kwanza anaeleza kwamba safari ya roho kwenda kwa Mungu inaitwa usiku kwa sababu tatu. Mwanzo wake ni kujinyima tamaa za vitu, na tamaa ikinyimwa kitu chake hubaki kama jicho lililonyimwa mwanga. Njia yake ni imani, ambayo kwa akili ya binadamu ni giza kwa kuwa inadai kukubali yasiyoonekana wala kuthibitishwa. Na mwisho wake ni Mungu mwenyewe, ambaye katika maisha haya fahamu zetu haziwezi kumzunguka. Sababu hizo anazilinganisha na sehemu za usiku mmoja, yaani magharibi, usiku wa manane na kukaribia kwa alfajiri, na la kuzingatia ni kwamba imani ameiweka katikati, kwenye manane, penye giza kuliko pote. Anayedai kwamba imani ya kweli huondoa giza mara moja anapingana na mpangilio huo, kwa maana kadiri Yohane anavyoeleza, imani ndiyo inayoongoza na ndiyo iliyo giza, na kazi hizo mbili haziwezi kutenganishwa.

Usiku huo una hatua mbili. Ya kwanza ni usiku wa hisi, ambapo mwamini aliyezoea kuonja utamu katika sala, nyimbo na ibada hujikuta amekauka ghafla, na Yohane anaiona kuwa ni hali ya kawaida inayowapata wengi. Ya pili ni usiku wa roho, ambao ni wa wachache na ni wa kutisha, kwa sababu humo hofu haihusu tena kupoteza faraja bali kutupwa na Mungu moja kwa moja, na mtu huona kasoro zake kwa ukali usiomwachia hata hoja ya kujitetea. Katika hatua zote mbili anatofautisha upande wa kutenda, yaani juhudi za mwamini mwenyewe, na upande wa kutendewa, yaani kazi ambayo Mungu huifanya bila kumwomba mtu msaada wala kumpa maelezo, na ni huo wa pili unaoumiza zaidi. Ili kuueleza anatumia mfano wa gogo motoni: moto hulikausha kwanza, ukalitoa machozi, ukalifanya jeusi, la kuchukiza na lenye harufu mbaya, kabla ya kulifanya liwake na kung'aa kama wenyewe. Moto ulioleta weusi ndio ule ule unaoleta mwanga, na weusi ulitokana na unyevu na uchafu uliokuwamo ndani ya mti tangu awali.

Mafundisho kama hayo yana hatari, na Yohane aliijua. Ikiwa kila giza ni kazi ya Mungu, basi mvivu ataita uvivu wake usiku wa roho, na mgonjwa ataachwa bila tiba kwa kisingizio cha utakatifu. Ndiyo maana katika kitabu cha kwanza cha Usiku wa Giza anatoa alama tatu za kupimia, na kusisitiza kwamba zisomwe pamoja. Alama ya kwanza ni kwamba mtu hapati ladha katika mambo ya Mungu wala katika kitu kingine chochote, maana anayechoshwa na sala huku akifurahia anasa amelegea tu. Lakini alama hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu, kama yeye mwenyewe anavyokiri, kutoonja ladha ya kitu chochote kwaweza kutokana na melankolia, jina ambalo tabibu wa zama hizo alilitumia kwa huzuni nzito inayotokana na hali ya mwili, na ambayo leo ingehesabiwa pamoja na sonona. Hivyo inahitajika alama ya pili: moyo wa mtu humkumbuka Mungu kwa uchungu na wasiwasi, akidhani kwamba hamtumikii tena na kwamba anarudi nyuma. Mzembe hana wasiwasi huo. Alama ya tatu ni kutoweza tena kutafakari kwa kutumia picha za mawazo kama zamani, hata akijitahidi, kwa kuwa anavutwa kuelekea sala ya taamuli, yaani kumkalia Mungu kimya kwa upendo bila mlolongo wa fikra.

Uzuri wa alama ya pili ni kwamba inaligeuza lile lililokuwa likimtesa mtu likawa ushahidi upande wake, kwani hofu ya kuwa amempoteza Mungu isingemuuma mtu ambaye Mungu hana tena thamani kwake. Hata hivyo Yohane hasemi kwamba ugonjwa na usiku haviwezi kukaa pamoja. Anakubali kwamba melankolia inaweza kuchanganyika na ukavu unaotoka kwa Mungu. Daktari na mlezi wa roho, kwa kipimo hicho, hawagombanii mgonjwa mmoja.

Maneno yake makali zaidi amewawekea walezi wa roho, yaani wale ambao kazi yao ni kumsaidia mwamini kutambua mwendo wake. Katika utangulizi wa Kupanda Mlima Karmeli anawalaumu wanaomwambia mtu aliye gizani kwamba hali yake inatokana na dhambi iliyofichika, wakamlazimisha kurudia maungamo ya maisha yake yote, na anawafananisha na marafiki wa Ayubu. Kuna mahubiri ya siku hizi, katika madhehebu zaidi ya moja, ambayo humwambia mfiwa au mwenye hofu kwamba tatizo lake ni upungufu wa imani, na Elifazi, Bildadi na Sofari wangeyasikiliza kwa kuridhika.

Juu ya nini kifanyike wakati wa giza, Mhispania mwingine wa karne hiyohiyo anasema kwa ufupi zaidi. Ignasi wa Loyola, aliyejeruhiwa kwa kombora Pamplona mwaka 1521 na ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilipigwa chapa mwaka 1548, anaita ukiwa hali ya roho kujisikia baridi, yenye fadhaa na kama iliyotengwa na Mungu, na anaiweka kinyume na faraja. Kanuni yake ni kwamba wakati wa ukiwa mtu asibadilishe uamuzi alioufanya wakati wa faraja, kwa sababu katika ukiwa mshauri anayesikika kwa urahisi ni roho mbaya. Kwa mujibu wa kanuni hii uongozi wa Mungu gizani kwa kawaida haufiki kama agizo jipya. Unakuwa ni uaminifu kwa agizo lililokwisha kupokewa. Kukataa kwa Yohane kuukana urekebisho akiwa Toledo kunaendana na kanuni hiyo kikamilifu, ingawa hakuna haja ya kudhani kwamba alikuwa akiwaza kitabu cha Ignasi wakati huo.

Mfano wa karibu zaidi na nyakati hizi unaipa nadharia nzima jaribio gumu. Teresa wa Kolkata, aliyezaliwa Skopje mwaka 1910, alisema kwamba mwaka 1946 alisikia wito wa kuwatumikia maskini kuliko wote, na shirika lake la Wamisionari wa Upendo likaenea hadi Tabora, Tanzania, mwaka 1968. Barua zake kwa walezi wake wa roho, zilizochapishwa mwaka 2007 zikiwa zimehaririwa na Padri Brian Kolodiejchuk, zilionyesha kwamba karibu tangu kuanza kwa kazi hiyo hadi kifo chake mwaka 1997 aliishi bila kuhisi uwepo wa Mungu, isipokuwa kwa kipindi kifupi mwaka 1958. Mwandishi Christopher Hitchens na wakosoaji wengine waliziona barua hizo kuwa ni ungamo la mtu asiyeamini tena. Tafsiri hiyo inakwama mahali pamoja: barua zimejaa kumtamani Mungu kuliko kumkana, na hiyo ndiyo alama ya pili ya Yohane. Lakini hata wanaomtetea Teresa wana la kueleza, kwa maana katika mpango wa Yohane usiku huelekea kwenye alfajiri ya muungano na Mungu hapa duniani, ilhali usiku wa Teresa ulidumu karibu nusu karne.

Jibu lililomsaidia yeye mwenyewe lilitoka kwa Mjesuiti Joseph Neuner, mwanateolojia aliyefundisha India na kukutana naye mwanzoni mwa miaka ya 1960. Neuner alimweleza kwamba hali hiyo haikusababishwa na kosa lake, kwamba haina dawa ya kibinadamu, kwamba kiu yake ya Mungu ndiyo ishara ya hakika kuwa Mungu yupo ndani ya giza hilo, na kwamba giza lenyewe ni upande wa kiroho wa kazi yake miongoni mwa watu walioachwa. Baada ya hapo Teresa aliandika kwamba ameanza kulipenda giza. Giza halikuondoka, wala masharti ya utume wake hayakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba aliacha kuliona kuwa ushahidi dhidi yake. Kama njia hiyo ya kuliona giza inawezekana pia nje ya utawa na nje ya Ukatoliki ni suala la sehemu ijayo, itakayomtazama Martin Luther mjini Wittenberg mwaka 1527, mwaka wa tauni na wa maradhi yake mwenyewe.