Chombo Kinachovuja: Tundu, Pamba na Deheni

Alfajiri, ngalawa na mashua zinapoingia katika mlango wa bandari ya Dar es Salaam kuelekea soko la samaki la Feri, mara nyingi huonekana ndani ya chombo mtu mmoja asiyeshughulika na tanga wala nyavu. Ameinama, ana upo au kopo la rangi mkononi, anafua maji. Samaki watakaouzwa Kariakoo asubuhi hiyo wamefika, kwa kiasi fulani, kwa jasho lake. Chombo cha mbao kisichovuja kabisa ni nadra. Lililo muhimu ni kama maji yanaingia polepole kuliko mtu anavyoweza kuyatoa.

Jambo hili laweza kukadiriwa. Mtaalamu wa Kiitalia, Torricelli, alionyesha katika karne ya 17 kwamba kasi ya maji yapitayo tunduni hutegemea kina chake. Tuchukue tundu la mviringo lenye upana wa sentimeta 1, lililo sentimeta 20 chini ya uso wa bahari. Maji yatapita kwa kasi ya meta 2 hivi kwa sekunde. Kwa kuwa mkondo hujibana unapopenya tunduni, kiasi kitakachoingia ni kama lita 5 na nusu kwa dakika. Mfuaji maji hodari huyashinda bila taabu. Lakini akilala kwa saa moja, chombo kitakuwa kimebeba zaidi ya kilo 300 za maji, yaani uzito wa watu wazima wanne au watano ambao hawakualikwa. Upana wa tundu ukiongezeka maradufu, maji huongezeka mara 4. Kina kikiongezeka maradufu, hayafiki hata mara moja na nusu. Basi mwenye matundu mawili na kitambaa kimoja na azibe lile kubwa kwanza, hata kama lile dogo liko chini zaidi.

Uzito si hatari pekee. Mzigo wa samaki hukaa ulipowekwa, ilhali maji hukimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi. Ngalawa ina matengo yake ya kuizuia isipinduke, mashua haina. Ndiyo sababu maji ya kimo cha kifundo cha mguu yaweza kupindua mashua ambayo ingeweza kubeba uzito uleule wa samaki kwa salama.

Je, maji hupitia wapi? Ngalawa huchongwa katika gogo moja, aghalabu la mwembe. Mti ukikauka husinyaa, na kwa kuwa husinyaa zaidi kufuata duara la gogo kuliko kufuata kipenyo chake, nyufa hutokea kwa urefu. Chombo kilichopandishwa mchangani na kuachwa juani kwa wiki mbili bila kufunikwa makuti kitavuja siku ya kwanza kitakaposhushwa, kisha kitapungua kuvuja kadiri mbao zinavyokunywa maji na kufura. Katika mashua yenye mbao nyingi kila kiungo ni mlango, na hapo ndipo kazi ya kalafati inapoanza.

Fundi husokota pamba, huichovya katika mafuta, kisha huishindilia kiungoni kwa patasi butu na nyundo. Nyuzi za pamba hufyonza maji na kuvimba, kwa hiyo kiungo hujikaza chenyewe baharini. Ustadi umo katika kipimo. Pamba ikishindiliwa mno, mbao zikifura hukosa nafasi, husukumana, na misumari hulegea.

Baada ya pamba huja deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa sehemu izamayo. Hii ni kemia halisi. Chokaa ikikutana na mafuta hufanya aina ya sabuni, lakini si ile iyeyukayo. Msomaji aliyewahi kufua nguo kwa maji ya kisima cha chumvi anaufahamu ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni badala ya povu. Utando huo ni ndugu wa deheni. Dobi huuchukia kwa sababu hauyeyuki, na fundi huutaka kwa sababu hiyohiyo.

Lipo pia jambo nisiloliafiki hata kidogo, nalo ni kipande cha bati kilichopigiliwa juu ya ufa pamoja na lami. Kwa miezi michache hufanya kazi vizuri. Baadaye chumvi hula misumari, kutu hudhoofisha mti kuizunguka, na ufa mmoja huwa umezungukwa na matundu kumi na mawili. Misumari iliyopakwa zinki huchelewesha tu msiba huo. Afadhali ufa uchongwe, uzibwe kwa kipande cha mti wa namna ileile na pamba, hata kama gharama ni kubwa zaidi.

Siku hizi kuna pia kayaki za plastiki, nyingine zikiendeshwa kwa kukanyaga pedeli, ambazo katika nchi nyingine hutumika sana kwa uvuvi wa ndoana. Asili ya kayaki ni Wainuiti wa kaskazini ya dunia, walioshona ngozi za sili juu ya kiunzi na kuzipaka mafuta. Ya plastiki ina uwazi uliofunikwa, na hapo ndipo penye hila: maji yaliyoingia hayaonekani. Hupenya kwenye shimo la pedeli, kwenye vifuniko, au kwenye skrubu za vishikio vya ndoana, na mvuvi hutambua tu kwamba chombo kimekuwa kizito na kinayumba. Gundi za kawaida haziishiki plastiki hiyo. Dawa yake ni kuyeyusha plastiki ya aina ileile juu ya ufa, kama wafanyavyo mafundi wa mitaani wanaounga ndoo na mabeseni kwa chuma cha moto.

Kuutafuta ufa wenyewe ni kazi moja kwa vyombo vyote. Kipandishe chombo nchi kavu, kiinue juu ya magogo, ukaushe upande wa nje, kisha mimina ndani maji kidogo kidogo, na utie alama ya mkaa kila mahali panapotoa tone. Usijaze: gamba lililoundwa kuhimili maji kutoka nje laweza kupasuka kwa uzito wa maji yaliyo ndani.