Nani Anakimbiza Baiskeli: Fremu au Hewa ya Ufipa?

Mtu aliyezoea baiskeli ya Phoenix akipata ya mbio kwa mara ya kwanza, kabla hata ya kuipanda huinyanyua. Huishika fremu kwa mkono mmoja, akaipandisha hadi kifuani, akacheka. Phoenix yenye keria, madigadi, standi na breki za vyuma hufika kilo 20 na kupita. Baiskeli ya mbio ya kawaida ina kilo 8 au 9. Baada ya hapo huitoa lamini, hupiga pedali mara chache, na hukumu hutoka papo hapo: inakimbia kwa sababu ni nyepesi. Hivyo ndivyo asemavyo karibu kila mwenye baiskeli mpya, awe Sumbawanga au Milano. Kwa sehemu kubwa, amekosea.

Barabara ya kuupimia usemi huo ipo Rukwa. Kutoka Sumbawanga hadi bandari ya Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, ni kilomita 112, na Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, iko karibu nusu ya safari. Hapo njia nyingine huchepuka kwenda Kasesya, mpakani na Zambia. Sumbawanga imekaa kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Uso wa ziwa uko mita 773 hivi. Kwa hiyo anayetoka mjini asubuhi akielekea ziwani hukutana na kila mtihani wa baiskeli kwa siku moja: uwanda wa nyasi wa Ufipa usio na kizuizi cha upepo, vilima vya kupanda na kushuka, na mwishowe ukingo wa Bonde la Ufa ambapo ardhi huporomoka kuelekea majini.

Tuanze na tambarare. Mwendesha baiskeli anayekwenda kilomita 30 kwa saa mahali pasipo na upepo hapambani na mvutano wa dunia. Anapambana na vitu viwili: hewa iliyo mbele yake, na tairi linalobonyea kila linapogusa lami. Hewa ndiyo mlafi mkubwa. Kwa mwendo huo hula karibu robo tatu ya nguvu zote za miguu, na ulafi wake huongezeka haraka: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kuipasua hewa huhitajika mara nane.

Sasa tazama hesabu. Mtu aliyekaa wima juu ya Phoenix, kifua kimeikabili hewa chote, huhitaji wati 150 hivi kuipasua hewa ya Ufipa kwa kilomita 30 kwa saa. Mtu yule yule akiinama juu ya usukani wa chini wa baiskeli ya mbio, viwiko vimekunjwa, huhitaji wati 90 hivi. Amefaidi wati 60 kwa kuinama tu. Na zile kilo 12 alizofurahia kuzinyanyua? Kwenye tambarare, kuzibeba juu ya matairi hugharimu wati 5 hivi. Kinachomkimbiza ni mgongo wake mwenyewe, ambao fremu mpya imeulazimisha kulala.

Jambo hili lilithibitishwa kwa kishindo mwaka 1933, pale Mfaransa Francis Faure, ambaye hakuwa nyota, alipoivunja rekodi ya dunia ya saa moja kwa baiskeli ya kulalia chali iliyoundwa na Charles Mochet. Alikwenda kilomita 45.055 na kumpiku Oscar Egg wa Uswisi, ambaye rekodi yake ilikuwa imedumu tangu 1914. Mwaka uliofuata Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, lilizipiga marufuku baiskeli za aina hiyo katika mashindano yake. Kama ushindi ungeletwa na wepesi, kusingekuwa na haja ya kupiga marufuku mkao.

Lakini hewa yenyewe si moja kila mahali, na hapa ndipo Ufipa inapoingia katika hadithi kwa haki yake. Kwenye mwinuko wa Sumbawanga hewa ni nyepesi kuliko ile ya Dar es Salaam kwa takriban moja ya sita. Molekuli za kusukumwa kando ni chache, hivyo kwa nguvu zile zile baiskeli hupata nyongeza ya mwendo ya asilimia kama 5. Wawinda rekodi wanalijua hili vizuri. Eddy Merckx alikwenda Jiji la Mexico, mita zipatazo 2,240 juu, na tarehe 25 Oktoba 1972 akaweka rekodi ya saa moja ya kilomita 49.431. Mbelgiji mwenzake Victor Campenaerts alichagua Aguascalientes, pia Mexico, na Aprili 2019 akafika kilomita 55.089. Aguascalientes iko mita 1,880 hivi. Kwa maneno mengine, hewa aliyoifuata kwa kuvuka bahari ni karibu ile ile inayovutwa bure kila siku na muuza mahindi wa Sumbawanga.

Zawadi hiyo ina bei. Oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, ila msukumo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo kuliko pwani. Mgeni kutoka Tanga ataiona baiskeli yake mpya ikienda vizuri huku mapafu yake yakimwaibisha. Mzaliwa wa Matai ana damu iliyokwisha kuzoea. Si ajabu kwamba waendesha baiskeli wengi wa Afrika Mashariki wanaotajwa wamekomaa kwenye miinuko: Chris Froome, bingwa wa Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi na ujanani alifanya mazoezi na David Kinjah huko Kikuyu.

Upepo ni habari nyingine, na mwenye baiskeli mpya asiyeujua huenda akaidhania ina hitilafu. Kiangazi, uwanda huu hupigwa na pepo za kusini-mashariki. Barabara kutoka Sumbawanga kwenda Matai huelekea kusini, ikiegemea magharibi kidogo, hivyo anayekwenda hupigwa ubavuni na usoni, anayerudi husukumwa. Upepo wa kilomita 15 kwa saa ukimkabili sawasawa mtu anayekwenda kilomita 25, nguvu inayoliwa na hewa hupanda mara mbili na nusu. Ndiyo maana safari ya kwenda humfanya mtu alalamikie beringi na mnyororo, na ya kurudi humfanya aisifu baiskeli ile ile kwa majirani.

Vilimani ndipo wepesi hupata haki yake, ingawa hata huko haupigani vita peke yake. Chukua mwendesha baiskeli wa kilo 71 anayepanda kutoka ziwani hadi uwandani, tuseme mita 1,000 kamili, miguu ikitoa wati 150 za kupandia. Akiwa na baiskeli ya kilo 9 atatumia dakika 87 hivi. Akiwa na ya kilo 21, dakika 100. Tofauti ni dakika 13, si haba. Ila hesabu hiyo inadhani kwamba mwenye Phoenix anaweza kubaki juu ya tandiko, na kwa kawaida hawezi. Gia yake ni moja tu, na mzunguko mmoja wa pedali humsogeza mita 5 hivi. Kwenye mlima unaopanda mita 8 kwa kila mita 100, kuzungusha pedali mara 60 kwa dakika kungemdai wati karibu 375, nguvu ambazo watu wachache mno duniani wanaweza kuzitoa kwa saa nzima. Hushuka, akasukuma, na wala si uvivu. Baiskeli ya mbio yenye sproketi ya meno 34 mbele na 32 nyuma husogea mita 2.2 tu kwa mzunguko. Mlima ule ule humdai wati 165 hivi akizungusha mara 70 kwa dakika. Sifa hapa ni ya meno ya sproketi. Waandaaji wa Tour de France waliuogopa msaada huo kiasi kwamba hawakuruhusu gia za kubadilisha mnyororo hadi 1937.

Hapa pana neno la pembeni kuhusu chuma. Wauzaji husema fremu ya kaboni ndiyo sayansi na ya chuma ni ushamba. Wafipa wana haki ya kutabasamu. Mababu zao walijenga malungu, matanuri ya udongo yenye urefu wa mita 3 hivi, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, kisha wakakisafisha chuma kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe. Profesa Bertram Mapunda aliandika tasnifu yake ya uzamivu ya 1995 juu ya ufuaji chuma wa kusini-magharibi mwa Tanzania. Chuma kizuri kikipinda kinaweza kunyooshwa, na kikikatika huchomelewa na fundi yeyote mwenye mashine. Kaboni ikipata ufa, Matai hakuna wa kuigusa.

Mteremko wa kwenda ziwani ndio unaostahili heshima kuliko yote. Mtu na baiskeli vyenye jumla ya kilo 80 vikishuka mita 1,000 huachia nishati ya kilojuli 784 hivi, ya kutosha kuchemsha lita mbili na nusu za maji baridi. Nishati hiyo lazima iende mahali. Mwendo ukiwa mkubwa, hewa huimeza. Mwenye woga anayebana breki mfululizo toka juu hadi chini huipeleka yote kwenye rimu na raba za breki. Rimu huchemka, na tyubu inaweza kupasuka. Njia salama ni kubana kwa nguvu kabla ya kona, kisha kuachia rimu zipoe. Rimu zikiwa na maji ya mvua, raba huteleza kwanza kabla ya kushika, na umbali wa kusimama hurefuka sana. Kwenye mteremko wa asilimia 6, baiskeli iliyoachiwa hufika kilomita 55 kwa saa bila kupigwa pedali hata mara moja.

Kisha kuna tairi. Barabara nyingi za mikoani hazina lami laini ya jijini bali kokoto zilizobandikwa juu ya lami ya maji, na tairi jembamba la milimita 23 lililojazwa hadi kuwa gumu kama jiwe hurukaruka juu yake. Kila mruko ni nguvu iliyopotea, na mitetemo huubana mshipa wa fahamu unaopita kiganjani upande wa kidole kidogo, vidole vikafa ganzi. Ndiyo sababu hata timu za kulipwa zimehamia matairi ya milimita 28 na zaidi, yenye upepo mdogo. Tatizo jingine ni vali: baiskeli nyingi za mbio zina vali nyembamba ya Kifaransa isiyopokea kila pampu. Kipande kidogo cha shaba cha kuunganishia huondoa shida hiyo, na ni busara kukinunua siku ile ile inaponunuliwa baiskeli, pamoja na tyubu za akiba, kwa kuwa fundi wa kando ya barabara huwa na spea za Phoenix na si za baiskeli ya gia 11.

Kwa barabara ya Sumbawanga, Matai na Kasanga, basi, baiskeli ya chuma au aluminiamu ya kilo 10 yenye matairi ya milimita 32, breki za diski na gia ndogo ya 34 kwa 32 ni ununuzi bora kuliko ya kaboni ya kilo 7 yenye matairi membamba na gia za tambarare. Anayekwenda dukani aulize kwanza matairi, breki na gia, na kuinyanyua fremu aache iwe ya mwisho.